Kitanda cha Mabibo, jiko la Changanyikeni

Mwishoni mwa Oktoba 2023, saa nne usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mtoto wa mama mdogo. Kwetu ni mdogo wangu basi, hakuna maelezo zaidi. Alikuwa na wiki moja tu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona usiku hivi?"

"Nimepata kitanda Mabibo. Ila sikitaki."

Mwaka wa kwanza, katoka Tukuyu na begi moja na ndoo, chuo kimempangia kitanda wakati wenzake wanalala kwa mashangazi Gongo la Mboto, halafu anasema hakitaki. Nilitaka kumfokea. Kilichoniziba mdomo ni daftari. Nilisikia kurasa zikifunuliwa, akaanza kunisomea hesabu, na mimi mtu akisoma hesabu simkatizi. Ndiyo kazi inayonilisha hapa Morogoro, kuandika vitabu vya hesabu za ghala la nafaka.

Ninachoandika hapa ni kisa hicho, kuanzia simu ile hadi Novemba ya mwaka uliofuata. Makosa yamo, na moja kubwa ni langu. Wahusika wote nimewaacha bila majina.

Kwanza lieleweke jambo moja. Tunasema "kuchagua" kati ya hosteli na geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, lakini wanafunzi wengi hawachagui chochote. Chuo hiki kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mabweni ya pale juu yalijengwa kwa ajili ya nchi ambayo wasomi wake walihesabika. Wanafunzi wakaongezeka, vitanda vikabaki nyuma. Hosteli ya Mabibo ikaja kupunguza msongamano, lakini ipo chini huko pembeni mwa barabara ya Mandela, na anayelala kule lazima apande gari kwenda darasani. Aprili 2017 yakafunguliwa mabweni yaliyopewa jina la Magufuli ndani ya kampasi: majengo 20, nafasi 3,840, shilingi bilioni 10. Gawanya mwenyewe, ni watu 192 kila jengo. Na bado kila Oktoba foleni ipo. Anayepangiwa hushukuru, asiyepangiwa huwafuata madalali. Mdogo wangu alikuwa kwenye kundi dogo la wenye uwezo wa kukataa, na ndiyo maana kisa chake kinafaa kuchambuliwa: hakusukumwa na mtu, aliamua.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kwenye foleni ya usajili alikutana na mabinti wawili, mmoja wa Songea na mwingine wa Tanga. Hao walikuwa wameonyeshwa chumba na sebule Changanyikeni, choo ndani, 180,000 kwa mwezi. Wakiwa watatu ni 60,000 kila mmoja. Changanyikeni ni mgongoni mwa chuo: unakata njia ya miguu, dakika ishirini na tano, umefika darasani bila kumpa konda hata senti.

"Na tunapika, dada."

Alilisema mwisho, kama mtu anayeongeza chumvi. Kumbe ndilo lililokuwa jambo lenyewe.

Nikachukua kalamu. Mwaka wa masomo, ukitoa likizo, tuliukadiria wiki 34, yaani siku 238. Upande wa Mabibo, ada ya kitanda haikufika laki moja na nusu kwa mwaka mzima. Tukaiandika 150,000 hivyo hivyo ili tusijidanganye. Nauli ya mjini kwa safari fupi wakati ule ilikuwa 500, na habari za kupanda zilishaanza kusikika (kweli Desemba 8 ikawa 600), kwa hiyo tukapigia 1,200 kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki: 204,000. Chakula sasa. Chumbani hosteli huruhusiwi kupika, kwa hiyo kila kinachoingia mdomoni kinanunuliwa kwa mama ntilie au kafe: chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, jioni tena. Shilingi 6,000 kwa siku kwa mtu asiyegusa kuku. Mara 238 ni 1,428,000. Jumla ya Mabibo: 1,782,000.

Upande wa geto: kodi 60,000 kwa miezi 12, maana mwenye nyumba hajui likizo, 720,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, fungu lake 60,000. Chakula cha kupika pamoja 3,000 kwa siku, 714,000. Gesi, maji na umeme 18,000 kwa mwezi kwa miezi minane, 144,000. Godoro, sufuria, jiko, pazia, 150,000. Jumla: 1,788,000.

Tofauti ni 6,000. Sawasawa na siku moja ya kula Mabibo.

Nilirudia kujumlisha mara mbili, nikidhani nimekosea. Watu hubishana miaka nenda rudi kwamba hosteli ni rahisi, geto ni ghali, na ukiangalia kodi peke yake ni kweli: 150,000 na 720,000 si ndugu. Lakini geto linauza jiko, na jiko linarudisha pesa ambayo chumba kimekula. Bumu nalo, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, tangu mwaka wa masomo 2022/23 lilikuwa 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kutoka 8,500. Kwa siku 238 ni 2,380,000. Njia zote mbili zinapita, na karibu laki sita zinabaki za sabuni, vocha na fotokopi.

"Haya," nikamwambia. "Nenda."

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuwa nikiandika vitabu vya hesabu kwa miaka tisa. Tulijumlisha mwaka mzima kana kwamba pesa ya mwaka mzima iko mezani. Hatukuuliza kila shilingi itatakiwa tarehe ngapi.

Mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele. Sita mara 180,000, jumlisha dalali: 1,260,000 kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na fungu la mdogo wangu likawa 420,000. Mkopo wake ulikuwa umetoka, lakini bumu lilikuwa bado halijaingia. Mama mdogo akaenda kwenye kikoba chao, akakopa 450,000 kwa riba ya asilimia kumi. Ile 45,000 ya riba haimo kwenye karatasi yangu ya usiku ule. Kitanda cha Mabibo kingetaka pesa ambayo mama mdogo angeitoa kwenye ndizi za majuma machache, bila kumpigia mtu magoti.

Kuhusu miezi sita, kuna wanaodhani serikali imeweka kikomo. Ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo ni makubaliano, na anayeomba chumba Oktoba pale Changanyikeni hana mguu wa kusimamia kwenye makubaliano, maana nyuma yake wapo wengine kumi na dalali anawaona.

Mkataba niliuona baadaye kwenye picha ya simu. Karatasi ya kaunta buku, peni ya bluu, vifungu vitano. Cha kwanza kiasi cha kodi. Cha pili: "Kodi ikishalipwa hairudi." Cha tatu kilikataza wageni wa kulala. Cha nne kilihusu taka. Cha tano: "Mpangaji atatoa taarifa mwezi mmoja kabla ya kuhama." Mpangaji, umoja. Chini palikuwa na sahihi ya mwenye nyumba, sahihi ya shahidi, na sahihi moja tu ya mpangaji: ya mdogo wangu. Nilimuuliza kwa nini yeye peke yake. Akasema yule wa Songea alikuwa ameenda benki, wa Tanga alikuwa analinda mabegi, na yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho mfukoni.

Maisha yenyewe yalikuwa mazuri, lazima niseme. Nilikwenda kuwatembelea Desemba. Walikuwa wamebandika ratiba ya kupika ukutani, dagaa wa Kigoma kwenye kopo, maharage yameloweka tangu asubuhi. Wa Tanga alikuwa anawafundisha wenzake kupika samaki wa nazi. Mabinti watatu wa mikoa mitatu, wanasoma ualimu, wanaulizana maswali huku mmoja anasonga ugali. Nilikaa mabweni miaka yangu yote mitatu, na nakiri niliona wivu.

Ila kulikuwa na umeme. Nyumba ilikuwa na vyumba sita vya wapangaji na mita moja ya LUKU. Wenye mita inayotumia umeme kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hupata bei ya chini, karibu uniti 80 kwa shilingi 10,000. Nyumba ya familia sita haiwezi kubaki chini ya hapo hata wakilala gizani, kwa hiyo inaangukia bei ya kawaida, ambako 10,000 hukupa uniti 28. Halafu ipo kodi ya jengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa kwa anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini mita haijui nani ni nani.

Basi ikifika tarehe moja, nyumba nzima inakuwa haina pesa. Kila chumba kinamsubiri mwenzake. Usiku wa kwanza giza, usiku wa pili giza, watu wanapita koridoni na tochi za simu wakisalimiana kwa adabu, "habari za jioni jirani", na hakuna anayeuliza umeme. Siku ya tatu mwenye friji la barafu anashindwa kuvumilia, ananunua, anakatwa 1,500, na anaingia ndani akibamiza mlango. Mabinti walilijua hilo kufikia mwezi wa pili na wakawa wanasoma maktaba kila tarehe moja hadi tatu. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mgao wa umeme pia, kwa hiyo giza lilikuwa na sababu mbili na hukujua ulaumu ipi.

Usalama nao. Ndugu walikuwa wamesema mengi. Mjomba alipiga simu maalumu kutoka Kyela kusema mtoto wa kike akae hosteli kwenye geti na mlinzi. Geto lilikuwa na geti, na mlango wa grili, na mzee mmoja mpangaji ambaye hakulala kabla wao hawajarudi. Hatari haikuwa nyumbani, ilikuwa njiani. Vipindi vya jioni vilikuwa viwili kwa wiki na viliisha saa mbili usiku, na ile njia ya miguu ya dakika ishirini na tano mchana ni kivuli kizuri, usiku ni pori. Novemba mwanafunzi wa nyumba ya jirani alipokonywa simu. Tangu hapo wakawa wanapanda bodaboda, na kwa kubana matumizi wakapanda mshikaki, watatu nyuma ya dereva mmoja, 1,500 kwa wote. Niliposikia nilipandisha sauti kwa mara ya kwanza. Namba ya bodaboda nayo haimo kwenye karatasi yangu. Lakini mjomba naye hakuwa na jibu, kwa sababu anayelala Mabibo akitoka kipindi cha saa mbili, naye anasimama kituoni gizani akigombea daladala.

Januari ndipo kamba ilipokatika. Yule wa Songea alikuwa ameingia chuoni akitegemea mkopo ambao haukutoka. Alikata rufaa, akasubiri, haikufua dafu. Baba yake alikuwa amelipa ile 420,000 ya mwanzo kwa kuuza mahindi yote ya stoo, na hakukuwa na mahindi mengine. Akaahirisha mwaka. Alifunga begi Jumamosi asubuhi, akawaachia kopo lake la dagaa, akapanda basi.

Kwa miezi mitatu iliyofuata hakuna kilichoonekana kuharibika. Kodi ilikuwa imelipwa hadi Aprili 30. Kilichobadilika kilikuwa jikoni, na hapa daftari la mdogo wangu linasema kitu ambacho sikukitarajia. Wakiwa watatu, chakula kiliwagharimu kama 3,400 kwa siku kila mmoja, juu kidogo ya makadirio. Wakiwa wawili kikapanda hadi 4,300. Mtungi wa gesi ni ule ule, mafuta ni yale yale, nyanya za fungu huwezi kununua theluthi mbili ya fungu. Na siku ambazo mmoja ana mtihani na mwingine amechoka, hakuna wa tatu wa kushika mwiko, wanakwenda kununua chipsi. Ile faida ya jiko iliyokuwa inalipia kodi ilikuwa ya watu watatu. Mimi niliiandika kama ya mtu mmoja.

Walitafuta wa kuziba nafasi. Aliyepatikana, binti wa mwaka wa pili, alitaka kulipa mwezi kwa mwezi, kwa sababu na yeye anaishi kwa bumu. Huyo naye hakuwa mkaidi. Wote watatu walikuwa na shida moja na kila mmoja alidhani ni yake.

Mwishoni mwa Aprili wakaenda kwa mwenye nyumba. Mdogo wangu aliniambia mazungumzo neno kwa neno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmeleta?"

"Tunaomba tulipe ya miezi mitatu, baba. Julai tunafunga chuo."

"Mwanangu, nyumba yangu si gesti."

Kwa upande wake, mzee hakuwa mwongo. Yeye pia alikuwa na ada za watoto wake zinazolipwa kwa mkupuo, na fundi wa paa anayemdai. Alikuwa amezoea miezi sita na miezi sita ilikuwa inapatikana. Lakini tazama namba. Mei hadi Oktoba ni 1,080,000, kwa wawili ni 540,000 kila mmoja badala ya 360,000. Na muhula unaisha katikati ya Julai. Mdogo wangu alikuwa anakwenda fildi ya ualimu kwao Rungwe hadi Septemba. Maana yake miezi mitatu na nusu, yaani 630,000, ingelipwa ili buibui wakae kwa amani. Bumu lililofuata lilikuwa linatarajiwa baada ya wiki kadhaa. Halikuwa limechelewa. Tarehe zake tu hazikuwahi kuoana na za mzee.

Nadhani hapa ndipo pa kusimama, kwa sababu ndicho ninachokiona kila ninapolirudia daftari lile. Mwanafunzi wa geto anaishi ndani ya kalenda tatu. Ya mwenye nyumba ni nusu mwaka, Novemba na Mei, haina likizo. Ya chuo ni mihula miwili yenye matobo. Ya bumu huja kila baada ya miezi miwili hivi, kwa kipande. Hosteli ya chuo inafuata kalenda mojawapo tu, ya chuo, na ndiyo siri ya urahisi wake kuliko ile bei yenyewe: hulipii Agosti. Geto linaweza kuwa rahisi kama hosteli kwa hesabu ya mwaka na bado likakuua Mei mosi.

Wakahama. Wa Tanga akaenda kwa mama yake mdogo Mbagala, mbali huko kusini mwa jiji, na wanaoijua Dar wataelewa maana ya kipindi cha saa moja asubuhi ukitokea Mbagala. Mdogo wangu akabebwa. Waliosoma vyuo vya umma hawahitaji tafsiri: msichana wa kwao mwenye kitanda alimpa upande mmoja wa godoro la futi mbili na nusu, kichwa huku miguu kule, kwa wiki tatu. Ni kosa kwa kanuni na kila mtu anajua linafanyika. Baadaye ikapatikana nafasi iliyoachwa Mabibo, akalipia sehemu iliyobaki ya muhula.

Akawa amefika pale pale alipopakataa Oktoba.

Nilimuuliza Mabibo kukoje, nikitegemea malalamiko. Alilalamikia kelele, na foleni ya pasi, na kwamba alikula kwa 6,200 kwa siku, mia mbili juu ya makadirio yetu. Halafu akasema kitu kingine: chumbani mwake alikuwepo dada wa mwaka wa tatu, mwalimu mtarajiwa kama yeye, mwenye bahasha ya mitihani ya miaka ya nyuma na daftari za kozi zile zile. Geto lilikuwa na mabinti watatu wa mwaka wa kwanza, wote hawajui lolote kwa kiwango kimoja. Bahasha ile haina safu kwenye karatasi yangu, na sijui ningeiandikia shilingi ngapi.

Ningeamuaje leo kwa yale tuliyoyajua Oktoba 2023? Nisingemzuia asikae geto. Ningemwambia ashike kitanda cha Mabibo kwanza, alipie, hata kama moyo uko Changanyikeni. Oktoba ni mwezi mbaya wa kutafuta chumba, maana mji mzima wa wanafunzi unatafuta kwa wakati mmoja na chumba cha 150,000 kinaitwa cha 180,000. Februari madalali wanakupigia wenyewe. Na kufikia Februari ungekuwa umeshajua nani kapata mkopo na nani hakupata. Kumsainisha mtu mkataba wa watu watatu kabla rufaa ya mmoja haijajibiwa ni kujenga juu ya mchanga wenye unyevu, unashika kidogo tu. Hilo tungeliona, kama tungeuliza. Binti wa Songea hakuficha, hakuna aliyemuuliza.

Kosa la sahihi moja nalihesabu dogo kuliko watu wanavyodhani. Mzee hakumpeleka mtu Baraza la Ardhi na Nyumba. Lakini kwa miezi mitatu mdogo wangu alilala akijua deni lote lina jina lake, na kaandika hivyo pembeni ya ukurasa wa Machi, kwa penseli.

Mwaka wa pili hakupangiwa kitanda. Safari hii hakukuwa na cha kukataa. Yeye na yule wa Tanga walianza kutafuta mapema, mwezi wa tisa, kabla mji haujajaa, wakapata chumba kimoja Msewe kwa mwalimu mstaafu, 90,000 kwa mwezi, mita yake peke yake, miezi mitatu mitatu. Walimwambia mapema kwamba Julai wanaondoka. Mama yule aliwauliza wanasoma nini, akasikia ualimu, akaomba kuona matokeo yao.

Novemba alinitumia picha ya mkataba. Karatasi ya kaunta buku tena, peni ya bluu tena. Sahihi mbili za wapangaji. Kifungu cha sita kilikuwa kwa mwandiko wa mdogo wangu, ninaujua: "Mmoja akiondoka, aliyebaki hatadaiwa nusu ya mwenzake; miezi mitatu iliyolipiwa ikiisha, ndipo watakapokubaliana upya."

Nikampigia. "Mwenye nyumba kakubali vipi hicho?"

"Nilimwonyesha daftari, dada. Alisoma kurasa zote. Alikaa na miwani kama nusu saa."

"Akasema nini?"

"Akasema ukurasa wa Machi nilikosea kujumlisha." Akacheka. "Dada, ile sufuria kubwa niliyokuachia Julai nikipita kwenda Mbeya, bado iko?"

Ilikuwa jikoni kwangu, imejaa mchele. Nikaumimina kwenye ndoo, na kesho yake asubuhi nikaipeleka stendi ya Msamvu kumpa kondakta wa basi la Dar.